Hii ya Zamani

Garsen nzima ilisema Sista, muuguzi wa zahanati yetu, ana mkono mwepesi, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomchukia. Wanaume wazima walioogopa sindano tangu utotoni walikuwa wakitoka kwake wamejishika bega, wanacheka, wanaulizana kama kweli wamedungwa. Mtoto wangu wa kwanza alipoanguka akachanika goti, nilimkimbilia na maji ya chumvi na kitambaa safi, naye akanisukuma. "Nataka Sista!" Nikambeba mpaka zahanati nimenuna, njia nzima namkumbusha kwamba aliyemzaa ni mimi.

Mimi ni mtu wa Kipini. Niliolewa Garsen na fundi redio, mtoto wa wafugaji wa Bangale aliyewaacha ng'ombe wa baba yake akafuata waya na betri. Banda lake la kazi lilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu, na nyumba yetu ilitazamana na zahanati. Nami nilikuwa nakaanga mahamri barazani, nayauza pamoja na mbaazi. Kwa hiyo miaka yote Sista aliyokaa pale nilimwona akifungua mlango asubuhi, nikamwona akiufunga jioni. Sidhani kuna mtu niliyewahi kumtazama kama nilivyomtazama yeye. Mume wangu mwenyewe nilianza kumtazama sawasawa kwa sababu ya Sista.

Watu walimwita mrembo. Mimi sikuona huo urembo mpaka nilipotafuta sana, na nilipouona ukanikera zaidi. Alikuwa mrefu, mweusi, hana haraka. Mwanya alikuwa nao, na alijua wakati wa kuuonyesha. Lakini kilichonimaliza ni yale magauni yake meupe ya kazi. Maji ya mtoni Garsen yana rangi ya chai ya maziwa. Ukifulia shuka jeupe mara tatu linakuwa rangi ya udongo, na sote tulikuwa tumekubali kuishi hivyo. Sista alitoka kila asubuhi mweupe pepepe. Nilichunguza siri yake nikaambiwa anatia shabu ndani ya ndoo, anaacha tope litulie chini, halafu anasuuzia bluu. Nikanunua shabu, nikanunua bluu, nikafanya vilevile. Leso yangu niipendayo ikatoka na madoa ya buluu mgongoni, na alasiri ile ile Sista akapita barazani akasema, "Mama Kipini, hii leso iko na maua mazuri."

Hayo ndiyo maneno yake, na ndiyo Kiswahili chake. Hii leso, hii mtoto, hii mzee, hii daktari. Alikuwa Mpokomo wa Hewani, amesoma, amekaa Mombasa chuoni, lakini kwake yeye kitu, mnyama na mwanadamu vyote vilikuwa "hii" na "ile". Simlaumu yeye peke yake. Garsen ndivyo ilivyo: Mworma anazungumza na Mpokomo, Mpokomo na Mgiriama, Mgiriama na Msomali, na Kiswahili wanachokutana nacho katikati kimevuliwa nusu ya nguo zake. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Kipini kwetu mtoto anayesema "hii mama" anapigwa kofi la mdomo. Nilikuwa najivunia ulimi wangu, nao ndio uliokuwa mali yangu pekee ambayo Sista hakuwa nayo, kwa hiyo nilimsahihisha kila nilipopata nafasi. "Huyu mtoto, Sista. Huyu." Naye anaitikia bila kukasirika, "Asante, Mama Kipini. Sasa hii mtoto imepata choo?"

Alikuwa na neno lake: "Ngoja nikuandike kwanza." Mgonjwa akifika anatetemeka, ngoja nikuandike kwanza. Ukimsalimu sokoni ukataja mgongo unauma, hapo hapo anachomoa kalamu nyweleni. Kuna mwenye bucha mmoja, mtu mzima mwenye mali yake, aliyevaa kanzu ya Ijumaa akaenda zahanati kumposa. Alipomaliza maneno yake yote mazuri, Sista akamwambia angoje amwandike kwanza. Akamwuliza umri, akamwuliza wake alionao, akamwuliza kama anakohoa, akamtegea sikio mgongoni. Mwenye bucha akatoka na chupa ya dawa ya kifua, na kwa kweli kikohozi kilipona. Watu walicheka mwezi mzima. Mimi nilicheka pia, kisha nikakaa nikafikiri: mwanamke anaposwa na mwenye bucha, anamrudisha na dawa ya kifua, na mtu mwenyewe anamshukuru. Mimi nilipoposwa na fundi redio, mama yangu alikubali kabla fundi mwenyewe hajamaliza kukohoa.

Msidhani alikuwa hana dosari. Aliwafokea akina mama wanaowapa watoto wachanga chai, na yeye mwenyewe alikunywa chai ya sukari kutoka asubuhi mpaka magharibi. Alituhubiria usafi wa jikoni, na kuku wake walilala ndani ya jiko lake, mmoja juu ya gunia la mchele. Na alikuwa anaogopa vyura. Mwanamke aliyeshika vidonda ambavyo wengine hatuwezi hata kuvitaja, akiona chura anapanda juu ya kiti.

Hilo la vyura nililiona mwenyewe mwaka wa mafuriko makubwa. Maji yaliingia mjini, barabara ya Malindi ikakatika, na sisi tukahamishiwa kwenye mwinuko chini ya turubai. Uchungu wa mtoto wangu wa mwisho ulinishika huko. Sista alikuja kwa mtumbwi, boksi la dawa kichwani, maji ya kahawia pande zote, na alishuka wima kama anashuka gari. Halafu chura akaruka karibu na mguu wake. Ukelele alioutoa uliwafanya wakunga wawili wazee waliokuwa nami wasahau tumbo langu. Lakini mikono yake iliponishika ilikuwa imetulia, na sitasema uongo, nilitulia nayo. Mtoto akatoka. Sista akamwinua akasema, "Hii ni msichana. Iko na nguvu."

"Huyu," nikamwambia, nimelala chali, sijafutwa jasho. "Ana nguvu."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na gauni lake. Wakunga walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumpenda. Halafu nikaona bado amemshika mwanangu, kwamba amemshika kabla yangu, na mtoto amenyamaza mikononi mwake. Nikamwambia nipe.

Ile laptopu ilikuja baada ya maji kukauka. Kulikuwa na mzungu mtafiti wa homa aliyekuwa akipima damu za watu vijijini. Alipofunga kazi yake aliwagawia watu vitu: huyu ndoo, huyu taa, huyu viatu vya mpira. Sista akapata kompyuta, ile ya kufunga na kufungua kama sanduku la mahari. Ilikuwa nzee tayari, nzito, kifuniko kimepauka. Yeye akaiweka nyumbani kwake nyuma ya zahanati, karibu na betri ya sola, akaanza kuwaandika watu humo. Akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzani walikuwa wakisimama dirishani waone majina yao yanavyotokea kwenye kioo. Hakuna aliyesimama barazani kwangu kuangalia mahamri yanavyovimba, na mahamri ni maajabu makubwa zaidi.

Nilitaka ile mashine. Sikujua kutaipu, sikuwa na la kuandika, na nilitaka iwe mezani kwangu na yeye asiwe nayo.

Baada ya mwaka hivi ikajaa. Hilo neno liliwashangaza watu. Kikongwe mmoja jirani yetu aliomba aonyeshwe mahali ilipojaa, akainyanyua, akasema mbona uzito ni ule ule. Sista alikuwa akieleza kwa subira kwamba ndani mna diski, ndiyo inayoweka kila kitu, na hii ya zamani ni ndogo; mashine inakataa kuandika mtu mpya mpaka afute mtu wa zamani, na yeye hafuti mtu. Tena ilikuwa imeanza kutoa sauti ya kukwaruza. Akaagiza diski kubwa kutoka Mombasa. Ilikuja kwa basi imeviringishwa kwenye taulo, kondakta ameipakata njia nzima. Nilipoiona nikashangaa: kipande cha chuma kisichozidi nusu ya mche wa sabuni. Na wa kuitia ndani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye bisibisi ndogo kuanzia Tarasaa mpaka kwetu, alikuwa mume wangu.

Alirudi siku ya kwanza macho yanang'aa. Alinieleza kazi ilivyo, nami nilimsikiliza kwa makini kuliko alivyojua. Kumbe ile laptopu ina nafasi ya diski moja tu. Huwezi kuweka ya zamani na mpya pamoja ukamimina kutoka hii kwenda hii. Ni lazima utoe vitu kidogo kidogo kwenye flopi, vile visahani bapa vya kubebea maandishi, ufungue skrubu, uchomoe ya zamani, utie mpya, umimine, kisha uchomoe tena urudie. Flopi walikuwa na boksi moja. Isitoshe, mashine ilikuwa nzee kuliko diski yenyewe, haikuamini ukubwa wake wote, ikasema ni ndogo kuliko ilivyo. Wakakubaliana kutumia kile kiasi ilichokiona. Na umeme wa sola ulikuwa na nguvu mchana tu, jua likiwaka.

"Kwa hiyo utaenda kila mchana," nikasema.

"Kila mchana. Mpaka iishe."

"Kwani haina njia fupi?"

"Kama iko, mimi sijui."

Miezi baadaye fundi wa kompyuta kutoka Malindi alisimama barazani kwangu kunywa chai, nikamwuliza. Akasema ukiwa na waya na kompyuta ya pili, kazi ile ni ya mchana mmoja. Jibu lile nililiweka moyoni.

Basi kila mchana mume wangu akawa anavuka barabara na mkoba wake wa bisibisi. Siku za mwanzo alikwenda na shati la kazini lenye matundu ya risasi ya kulehemu. Kisha akaanza kubadilisha shati. Kisha akaanza kuchana nywele. Redio za watu zilikaa bandani matumbo wazi, wenyewe wanakuja wananiuliza mimi. Alikuwa anarudi jioni anapiga mbinja, yeye ambaye tangu tuoane sikujua kama anaweza kupiga mbinja. Na siku moja nilimpa chai akaionja akaiweka chini. "Kwa nini wewe huweki iliki?" akauliza, kwa sauti ya upole kabisa.

Iliki! Nilimzalia watoto, nikamlea mama yake mpaka akazikwa, na sasa nilikuwa nadaiwa iliki.

Nilikonda. Nilianza kuunguza mahamri. Shangazi yangu alikuja kutoka Kipini kunitazama, akakaa barazani akiangalia ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu, akaniambia, "Mato unayo, mwanangu. Kazi yake ni kupepesa tu?" Nilitaka jambo moja tu, nalo ni kujua. Kama mume wangu ananiacha, nijue, nifunge vyangu nirudi kwetu mbele ya watu, kichwa kimesimama. Kama haniachi, pia nijue, nilale.

Siku niliyokwenda nilijifanya narudisha sahani ya Sista. Ilikuwa mchana, na nje ya zahanati akina mama wa kliniki walikuwa wamekaa kwenye mkeka na watoto wao wakisubiri ifunguliwe. Niliwaamkia nikapita nyuma, upande wa nyumba yake. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshuka. Nikasikia sauti ya mume wangu.

"Hii ya zamani imechoka. Iko na kelele mingi. Ukigusa kidogo tu, inalia."

Nilisimama.

"Na nafasi hakuna tena," akaendelea. "Mimi nataka kuhamia mpya, nitulie."

Sista akauliza polepole, "Na hii ya zamani itaenda wapi?"

"Siwezi tupa. Imenifaa mingi. Itakaa tu, kama akiba."

Nilisikia kijiko kinakoroga kikombe.

"Hapana, Fundi," Sista akasema. "Hiyo haiwezekani. Mbili haziwezi kukaa pamoja hapa."

Miguu yangu ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Sikupiga hodi. Niliusukuma mlango ukagonga ukuta, nikaingia na sahani yangu juu, na mimi mtu wa Kipini, mwenye ulimi wangu, nikapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani: "Hii ya zamani ndiyo hii hapa! Imekuja yenyewe!"

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, Sista kwenye kitanda cha kamba, meza katikati yao. Juu ya meza palikuwa na laptopu imefunikwa, kisahani chenye skrubu, na kando yake kile kipande cha chuma, diski. Uso wa mume wangu ulikuwa rangi ya majivu. Alinitazama, akatazama meza, akatazama tena kwangu.

"Diski," akasema. Kisha akaishika akainyanyua, sauti ikamrudia. "Diski! Tunaongea diski! Hii! Hii ya zamani!"

Nyuma yangu mlangoni akina mama wa kliniki walikuwa wamejaa na watoto wao migongoni, na walichohitaji ni hilo neno moja. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Mmoja aliketi chini. Mmoja alinishika mkono akiniomba, kwa machozi, niseme tena. Mume wangu naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilisimama na sahani. Sista peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake iliyokuwa mapajani, na mimi nikaona huko ni kujidai, hata aibu yangu haimfai kuicheka, nikamchukia kwa hilo kuliko kwa yote yaliyotangulia.

Kabla ya magharibi mji mzima ulijua kwamba mke wa fundi redio amefumania diski.

Nilikuja kuona kwamba jambo lile lisingetokea kwetu Kipini. Kipini mtu angesema "huyu wa zamani amechoka" nikajua ni mke, au angesema "hii ya zamani imechoka" nikajua ni chuma, na ningerudi nyumbani na sahani yangu. Kile Kiswahili chao cha kubeba watu na vyombo kwa neno moja ndicho kilichoniponza. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na hivyo ndivyo nilivyowaeleza waliokuja kununua mahamri wakiniuliza hali ya diski. Nilijifunza kucheka nao. Walipoona nimecheka vizuri, wakanunua zaidi.

Lakini wivu haukuondoka, na sasa ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu haukuwa na kibali. Kabla yake ningeweza kununa, watu wangeniuliza kulikoni. Sasa nikinuna kidogo mume wangu anasema, "Umeona diski nyingine?" na watoto wanaanguka kwa kicheko. Nilimwonea Sista wivu kimya kimya, bila sababu yoyote ya kumwonyesha mtu. Nilijiambia nina kasoro kichwani. Nilikwenda hata kwa maalim kusomewa.

Haukupita muda Sista akaomba uhamisho akapelekwa Hola. Siku aliyopakia vitu vyake, laptopu ameishika mapajani, alinipungia mkono kutoka kwenye gari. Nilimpungia. Halafu nikaingia ndani nikala sahani mbili za wali mfululizo, peke yangu, kwa raha. Mume wangu hakula siku ile. Alisema meno.

Ile hadithi ikawa mali yake. Kila mgeni aliyeketi barazani kwetu aliisikia, wakwe waliisikia, siku ya harusi ya binti yetu aliyezaliwa mafurikoni aliisimulia kwenye kipaza sauti ukumbi ukatikisika. Aliiongezea chumvi kila mwaka. Mwisho nilikuwa naingia na mwiko, naiponda diski na mwiko. Nami nilikuwa natoka na chai sehemu ile ile ya hadithi, naitikia, "Ndiyo hii hapa, imekuja yenyewe," na watu wanapiga makofi.

Juzi juzi nilikwenda Hewani kununua mchele. Mavuno yalikuwa mazuri na mchele wa huko ukipikwa unanukia. Mwanamke wa kwanza niliyemwuliza akanionyesha nyumba upande wa msitu wa mto, akasema yule mama ana mchele safi kuliko wote. Nilipoona ua limefagiwa vile, nilijua kabla sijabisha hodi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda anapepeta. Amevaa miwani, nywele nyeupe chini ya leso, na mwanya wake upo pale pale. Alisimama akanikumbatia. "Mama Kipini! Karibu, karibu mama, kaa hapa." Mikono yake ilikuwa laini bado. Mimi yangu imeungua mafuta ya mahamri mpaka kwenye kiwiko. Nikaketi, na ule wivu ukaketi nami, haukuzeeka hata kidogo. Aliniuliza habari za watoto, kila mmoja. Aliniuliza ile yenye nguvu imeolewa wapi. Nikasema huyu mwenye nguvu ameolewa Lamu. Tukacheka. Hakumwulizia Fundi.

Kwa hiyo mimi nikamleta Fundi mwenyewe, kwa njia niliyozoea. "Na ile diski yangu niliyoifumania," nikasema, nikianza kicheko kabla yake, "bado unayo?"

Hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Mama, wewe bado unasema hiyo maneno?"

"Fundi ndiye anayeyasema. Mimi kazi yangu ni kucheka."

"Miaka hii yote?"

"Mpaka harusini ameyasema."

Alivua miwani akaifuta na ncha ya leso, akaivaa tena, akaivua. Kuku walikuwa wanaingia ndani ya ungo na hakuwafukuza.

"Kazi ya diski iliisha jana yake," akasema. "Kila kitu kilikuwa kimehama. Siku ile Fundi hakuwa na kazi kwangu."

Nilimtazama.

"Hii ya zamani ilikuwa ni wewe, mama. Alitaka kunioa. Nikamwambia haiwezekani. Ukaingia na sahani, akasema diski, na mimi nikanyamaza. Nikaona nikisema pale, mbele ya hiyo watu yote, nimekuvunjia nyumba. Halafu kila siku nasikia wanakucheka na mimi nimenyamaza tu. Ikanishinda. Ndiyo niliomba uhamisho."

"Kwa hiyo nilisikia vizuri," nikasema.

"Ulisikia vizuri sana."

"Kila neno?"

"Kila neno, mama."

Ya kwanza kuja ilikuwa ni furaha, na mtu anicheke akitaka. Nilifurahi mpaka masikio yakawa moto. Nilikuwa sina wazimu; masikio yangu ya Kipini yalikuwa yamefanya kazi yao, na mji mzima ndio uliokuwa kiziwi. Baada ya furaha ikaja hasira, na hasira ilipopata mahali pa kukaa, ukaja wivu wenyewe, mpya, kama umetoka dukani. Kwa sababu alimkataa. Mimi nilipoposwa sikuulizwa. Yeye aliletewa mume wangu mezani, na chai, akamtazama, akasema hapana, tena kwa sauti ya upole. Hata kumkataa, alimkataa vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

"Mbona umeniambia leo?" nikamwuliza.

"Nimekuona umecheka," akasema. "Ile kucheka sikuipenda."

Alinipimia mchele, akanijazia zaidi, akanisindikiza mpaka njia kuu na gunia dogo kichwani mwake, kwa kuwa hakutaka nibebe. Tulipoagana nilimshika mkono muda mrefu. Sikumwambia asante. Nilitaka kumwambia, na naamini alijua.

Nilifika nyumbani jua linatua. Mume wangu alikuwa barazani, redio ya mtu imefunguliwa mapajani, na pembeni yake mgeni, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akisubiri redio hiyo. Hadithi ilikuwa katikati. Diski ilikuwa imeshatoka Mombasa, mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Aliponiona akapiga goti lake kwa furaha. "Hii hapa sasa! Ndiyo huyu mwenyewe! Mama, ulisema nini pale mlangoni?"

Nilitua mchele wangu sakafuni.

"Nimetoka Hewani," nikasema. "Sista amekusalimu. Anasema kazi ya diski iliisha jana yake."

Mgeni alikuwa bado anatabasamu, ananitazama mimi, anamtazama yeye, anangoja mwisho. "Ehe, halafu?" akauliza. Mume wangu aliinama juu ya redio. Akaanza kupapasa mkekani, chini ya kiti, ndani ya mkoba, akitafuta bisibisi, nayo ilikuwa mkononi mwake.